Maji yaliyo chini ya kiyeyushi: jinsi ya kuipata pH yake bila kudanganyika

Etha, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, imeelea juu, maji yametulia chini, na maelekezo ya kazi yanasema asidi iongezwe mpaka tabaka la maji lifike pH 2 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi). Ni agizo la mstari mmoja, lakini anayelitekeleza hukutana na kikwazo papo hapo: maji anayotaka kuyapima hayafikiki bila kupita kwenye kitu ambacho si maji. Akichovya karatasi ya kupimia kutoka juu, inalowa etha kwanza. Akishusha elektrodi, yaani kijiti cha kioo cha kipimio cha umeme, nayo inapita kwenye etha. Majibu atakayoyapata yanaweza kuonekana mazuri kabisa, yakiwa na rangi ya wazi au namba iliyotulia, kumbe hayahusiani na maji yaliyo chini.

Ugumu wa kipimo hiki hauko kwenye kusoma pH. Uko kwenye kuyafikisha maji, na maji peke yake, mbele ya kipimio. Karibu kila kosa linalotokea hapa ni la usafirishaji: kipimio kimeguswa na kiyeyushi kabla ya kuguswa na maji, au kimeguswa na maji mengine yasiyo yale yaliyokusudiwa.

Kipimo cha pH kilianzishwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na tangu mwanzo kilihusu ioni za haidrojeni zilizo majini. Kwenye heksani au toluini ioni hizo karibu hazipo. Asidi inaweza kuwemo, tena nyingi, lakini imekaa kama molekuli nzima ambayo haijaachia protoni yake, yaani ioni yake ya haidrojeni. Kwa hiyo kuuliza pH ya tabaka la juu ni kuuliza swali lisilo na jibu. Ukitaka kujua kama tabaka hilo limebeba asidi au besi, chota kidogo, litikise pamoja na maji safi, kisha pima maji hayo. Kinachopimwa ni maji siku zote.

Na kwa nini mtu ahangaike kiasi hicho? Kwa sababu pH ya maji ndiyo inayoamua kitu unachokitafuta kimekaa tabaka gani. Chukua asidi ya benzoiki. pKa yake, namba inayoonyesha asidi huachia protoni kwenye pH gani, ni 4.2, maana yake maji yakiwa na pH hiyo, nusu ya asidi iliyomo majini imepoteza protoni na kuwa ioni. Ioni hupenda maji, molekuli nzima hupenda kiyeyushi. Kila pH inapopanda kwa kizio kimoja, uwiano wa ioni kwa molekuli nzima unaongezeka mara kumi, hivyo pH ikifika 6.2 kuna ioni 100 kwa kila molekuli moja nzima. Wengi huishia hapo. Wanaona asilimia 99 imeshakuwa ioni, basi wanahesabu kwamba asilimia 99 imeshahamia majini.

Hesabu haiendi hivyo, kwa sababu ile molekuli moja iliyobaki inavutwa sana na kiyeyushi, na kila inapopanda juu, ioni nyingine inachukua protoni kujaza nafasi yake. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba molekuli nzima hukipendelea kiyeyushi mara 50 kuliko maji, na matabaka yote mawili yana ujazo sawa. Kwenye pH 6.2 karibu theluthi ya asidi yote bado iko juu. Kwenye pH 7.2 hubaki kama asilimia 5. Kwenye pH 8.2 hubaki nusu ya asilimia moja. Tofauti ya 6 na 8, ambayo kwenye karatasi ni njano inayoelekea kijani dhidi ya kijani kinachoelekea buluu, inabeba theluthi ya mavuno. Mtu aliyesoma rangi ya karatasi iliyolowa etha anaweza kumwaga theluthi hiyo pamoja na tabaka analodhani ni tupu.

Penisilini ilisafishwa kwa mwendo huu huu. Mwaka 1940, kule Oxford, Norman Heatley aliihamisha kutoka kwenye mchuzi wa ukungu uliotiwa asidi hadi kwenye etha, kisha akairudisha kwenye maji yasiyo na asidi. Shida ni kwamba penisilini huharibika haraka ikikaa kwenye asidi. Ndiyo maana kazi ilifanywa kwa baridi na kwa haraka, na pH ilipaswa kuwa ya chini kiasi cha kuisukuma penisilini iingie kwenye kiyeyushi, lakini isikae hapo muda mrefu. Katika kazi ya namna hiyo hakuna nafasi ya kukisia pH.

Kabla ya kupima, hakikisha unajua maji yako wapi. Etha ina densiti (gramu kwa kila mililita) ya karibu 0.71, heksani 0.66, toluini 0.87, ethili asetati 0.90, zote huelea juu ya maji. Dikloromethani ina 1.33 na klorofomu 1.49, hivyo maji huwa juu yake. Hiyo ni kwa maji ya kawaida. Maji yakishiba potasiamu kaboneti hufikia densiti ya karibu 1.5, na hapo dikloromethani iliyozoeleka kukaa chini inapanda juu. Faneli za kutenganishia, zile zenye koki chini, zimemwagwa tabaka lisilo lake kwa sababu mtu alikariri kwamba “dikloromethani huwa chini”. Ukiwa na shaka, toa matone machache ya tabaka moja, yatie kwenye tyubu yenye maji kidogo, utikise. Yakichanganyika bila kuacha mpaka, hayo ni maji. Yakijitenga, ni kiyeyushi.

Sasa tuje kwenye kuchota. Njia ninayoiamini kuliko zote, kwa kiasi kidogo, ni pipeti nyembamba ya kioo yenye balbu ya mpira. Siri yake iko kwenye mpangilio wa vitendo. Minya balbu kwanza, pipeti ikiwa bado hewani. Ishushe kupitia tabaka la juu huku ukiendelea kuminya polepole, ili mapovu machache yatoke kwenye ncha njia nzima. Mapovu hayo ndiyo yanayokizuia kiyeyushi kisiingie ndani. Ncha ikishavuka mpaka na kufika katikati ya maji, toa povu moja la mwisho, halafu ndipo uiachie balbu ivute. Usivute kwenye mpaka wenyewe, maana pale hukaa uchafu na matone yaliyochanganyika. Ukiipandisha pipeti, futa nje yake kwa karatasi laini kabla ya kudondosha chochote, kwa sababu kioo kimebeba utando wa kiyeyushi kwa nje, na utando huo hushuka hadi kwenye ncha pamoja na tone la kwanza. Lidondoshe tone hilo la kwanza pembeni. La pili ndilo la kupima.

Pipeti yenyewe inaweza kukuambia kama umechota sivyo. Etha huchemka kwenye nyuzi joto 34.6 za Selsiasi, na mvuke wake hujaza balbu upesi na kuusukuma umajimaji nje. Pipeti inayodondosha yenyewe bila kuminywa, mara nyingi ina etha ndani. Pipeti iliyojaa maji peke yake hutulia zaidi.

Karatasi inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayodanganya kimyakimya. Ukiichovya kutoka juu, kiyeyushi hujaza vitundu vyake kabla ya maji, na maji yanashindwa kukisukuma nje kwa haraka, kama mkono uliopakwa mafuta unavyokataa kulowa. Karatasi nyingi za kupimia huwa za njano zikiwa kavu, na njano hiyo inafanana sana na ile inayoonyesha pH 5 au 6. Karatasi ambayo haikuguswa na maji hata kidogo inaweza basi kusomwa kana kwamba maji yana asidi hafifu. Mtu anaongeza alkali, anachovya tena, karatasi inabaki njano, anaongeza nyingine, na maji yameshapita pH 12 zamani.

Dondosha tone kwenye karatasi na uliangalie kwa sekunde chache. Maji huacha doa lenye ukingo dhahiri, linabaki limelowa, na rangi hubadilika mle ndani ya doa. Kiyeyushi hutambaa mbali na haraka, karatasi inakuwa kama inapitisha mwanga, kisha inakauka mbele ya macho yako. Tone likiwa na vyote viwili, utaona doa la maji katikati na duara pana likilizunguka. Soma katikati. Ukiona rangi yenyewe inasafiri kuelekea nje na kujikusanya kama pete, ujue kiyeyushi kimeyeyusha rangi ya kiashirio, yaani kemikali inayobadilika rangi kufuata pH, na karatasi hiyo haifai tena kusomwa. Kuna vijiti vya kupimia ambavyo rangi yake imefungwa kikemia kwenye nyuzi za karatasi. Hivyo havichuji rangi, na hata mchanganyiko wako ukiwa mweusi kama lami unaweza kukisuuza kijiti kwa maji kidogo na kuona rangi ya chini yake. Udhaifu wake ni kuchelewa. Maji yenye chumvi au asidi chache mno huhitaji dakika kadhaa kabla rangi haijatulia.

Mvuke nao una hila zake. Amonia au asidi ya haidrokloriki ikiwa hewani juu ya chombo, karatasi iliyolowa itageuka rangi kabla haijaguswa na tone. Weka karatasi yako mbali na mdomo wa chombo, juu ya kioo kikavu, na upeleke tone kwenye karatasi badala ya kuipeleka karatasi kwenye tone. Na mchanganyiko wenye klorini au kitu kingine chenye nguvu ya kuoksidisha utaing'arisha karatasi iwe nyeupe. Nyeupe si pH yoyote. Ni kiashirio kilichouawa.

Kwenye faneli yenye koki, maji yakiwa chini, mtu anaona mambo ni rahisi: fungua koki, pokea tone, pima. Ni rahisi kweli, ila shingo iliyo chini ya koki hubaki na masalio ya mara iliyopita. Yanaweza kuwa maji ya kusuuzia, au maji ya kabla hujaongeza asidi, ambayo hayakushiriki kabisa katika mtikiso wa mwisho. Toa kizibo cha juu kwanza, la sivyo umajimaji utagoma kushuka na badala yake hewa itapanda kupitia koki na kuvuruga matabaka. Kisha pitisha mililita moja au mbili kwenye chombo safi, upime zinazofuata. Zile za kwanza, kama zina thamani, zirudishe juu.

Elektrodi inataka uangalifu wa aina nyingine. Balbu yake ya kioo hufanya kazi kwa sababu uso wake una tabaka jembamba sana lililonyonya maji, ambamo ioni za haidrojeni huingia na kutoka. Kwa joto la nyuzi 25, kila kizio kimoja cha pH huzaa tofauti ya milivolti 59.16. Kioo hicho kina ukinzani mkubwa mno wa umeme, na ndiyo sababu elektrodi ya kioo, iliyokuwa imeshaelezwa na Haber na Klemensiewicz mwaka ule ule wa 1909, ilichelewa kuenea mpaka vikapatikana vikuza umeme vya kuaminika. Arnold Beckman alitengeneza kipimio chake cha kwanza California mwaka 1934, kwa ajili ya kupima asidi ya maji ya malimau. Mtu akiuelewa ukinzani huo, ataelewa pia kwa nini utando wa toluini juu ya balbu unaharibu kila kitu. Utando huo haupitishi umeme. Namba inayumba, au inajikokota, au inaganda mahali fulani ikionekana kama imetulia.

Kiyeyushi pia hulinyang'anya lile tabaka jembamba maji yake, na elektrodi inakuwa nzito kujibu hata baada ya kusafishwa. Upande wa pili wa elektrodi kuna kitundu kidogo ambacho myeyusho wa potasiamu kloridi huvujia nje taratibu kukamilisha njia ya umeme. Potasiamu kloridi haiyeyuki kwenye viyeyushi vya aina hii, hivyo kitundu kikikutana navyo chumvi huganda humo na kukiziba. Mara nyingi balbu inalaumiwa, kumbe kilichoharibika ni kitundu. Tena kuna elektrodi zenye mwili wa plastiki: dikloromethani na asetoni huzila. Kwa kazi hii tafuta yenye mwili wa kioo.

Kwa sababu hizo zote, chota sampuli badala ya kushusha elektrodi kwenye chombo chenye matabaka mawili. Mililita 5 za maji kwenye kichupa chembamba zinatosha. Ziache zitulie, kama kuna filamu ya kiyeyushi imepanda juu, iondoe kwa pipeti. Kwa heksani au toluini kuna njia nzuri zaidi: karatasi ya kuchujia ambayo umeilowesha maji kwanza hupitisha maji na kukizuia kiyeyushi. Elektrodi ikishamaliza kazi, isuuze kwa ethanoli, kisha kwa maji, halafu iloweke kwenye potasiamu kloridi ya moli 3 kwa lita mpaka irudi hali yake. Kabla ya kuiamini tena, ijaribu kwenye bafa, yaani myeyusho wenye pH inayojulikana, za pH 4.01 na 7.00. Usiilaze kwenye maji yaliyokenekwa, maana yanaifyonza chumvi yake.

Wakati mwingine hakuna namna: chombo ni kikubwa, asidi inatiwa kidogo kidogo, na pH inapaswa kufuatiliwa humo humo. Kama mpangilio wa kazi unaruhusu, weka elektrodi majini kabla kiyeyushi hakijamiminwa. Kama kimeshamiminwa, shusha kwanza mrija mpana wa kioo uliozibwa juu kwa kidole. Hewa iliyonaswa ndani hukizuia kiyeyushi kupanda kwa wingi. Mrija ukishafika majini, ondoa kidole, maji yatapanda ndani yake, na elektrodi itapita kwenye njia safi. Angalia pia kwamba umajimaji ulio ndani ya elektrodi uko juu zaidi ya uso wa tabaka la juu kabisa, si uso wa maji tu, na tundu lake la kujazia liko wazi. La sivyo, uzito wa kilicho nje utakisukuma kiyeyushi kiingie ndani kupitia kitundu. Kikorogeo kikizunguka, matone ya kiyeyushi hupigapiga balbu na namba inacheza. Simamisha, subiri matabaka yajitenge, ndipo usome. Mitambo ya kutenga shaba kwa viyeyushi inakabiliwa na jambo hili kila siku, kwa sababu kemikali inayoichukua shaba kutoka majini huachia ioni mbili za haidrojeni kwa kila ioni moja ya shaba, na maji yanazidi kuwa na asidi kadiri kazi inavyoendelea. Pale inaeleweka kupima maji yaliyokwisha kujitenga kuliko yale yanayokorogwa. Na kama kifaa ni cha umeme, kumbuka mvuke wa etha hushika moto kwa cheche ndogo. Kazi ifanyike kwenye kabati la kufyonza hewa, mbali na chochote kinachotoa cheche.

Kuna nyakati namba inabadilika na kipimio hakina kosa lolote. Ethili asetati iliyo juu ya maji yenye sodiamu haidroksaidi huvunjika polepole kuwa asetati na ethanoli, na alkali inaliwa. Ukipima leo pH 13 na baada ya saa chache ukakuta imeshuka, hiyo ni kemia halisi. Bikaboneti nayo ikikutana na asidi hutoa kabonidioksaidi, ambayo hubaki majini kwa muda na kuishusha pH. Fungua koki mara kwa mara kuitoa, kisha pima gesi ikishakwisha. Juu ya pH 12, elektrodi ya kawaida huanza kuzihesabu ioni za sodiamu kana kwamba ni za haidrojeni, na husoma chini ya ukweli.

Swali la mwisho linalowasumbua watu ni kiyeyushi kilichoyeyuka ndani ya maji yenyewe, ambacho hakiondoki kwa kuchuja. Maji yaliyo chini ya ethili asetati huwa na karibu asilimia 8 yake, na yaliyo chini ya etha asilimia 6 au 7. Kiasi hicho husogeza usomaji kidogo tu, na kwa kazi ya kutenganisha asidi na besi sina sababu ya kukijali. Hali ni tofauti kwa asetonitrili au methanoli, ambazo huingia majini kwa wingi wowote. Hapo namba ya kipimio inafaa kulinganisha sampuli moja na nyingine, lakini si pH ile ya Sørensen.

Kipimo kilichochukuliwa mara tu baada ya kutia asidi hakitoshi. Besi iliyokuwa imejificha kwenye tabaka la juu itashuka majini matabaka yakitikiswa, na maji yaliyosomeka pH 2 yanaweza kurudi 5 ndani ya dakika moja. Pima, funga kizibo, tikisa huku ukitoa mvuke, acha matabaka yajitenge, kisha chota upya na upime tena. Namba mbili zikilingana, tenganisha. Zikitofautiana, ongeza asidi kidogo na urudie.